Mtoto mwenye sare, maktaba, saa nne asubuhi

Mwanafunzi mwenye sare akionekana sokoni saa nne asubuhi kila mtu atamuuliza. Mama ntilie atamuuliza, bodaboda atamuuliza, mgambo ndo usiseme. Ila akiingia maktaba na begi lake mgongoni, akavuta kiti, akafungua daftari, watu wazima wote roho zinatulia, mtoto wa watu anasoma huyo, na hakuna anayejiuliza mbona hayuko darasani. Na mimi mkutubi mzima nilikuwa mmoja wao. Nilimwacha binti mmoja akae meza ya nyuma kabisa, kule karibu na makabati ya magazeti ya zamani, siku nne mfululizo, na nikawa namsifia moyoni.

Siku ya tano nikapita nikiwa na toroli la vitabu vya kurudisha rafuni nikaona daftari lake limeandikwa kidato cha tatu na kitabu cha baiolojia alichofungua ni cha kidato cha kwanza, tena ukurasa uleule wa juzi wenye mchoro wa maua.

"Shikamoo anti."

"Marahaba mwanangu. Leo mmefunga?"

"Tumeruhusiwa tukajisomee."

Jumanne hiyo, katikati ya muhula. Nikasema haya, nikaondoka na toroli langu. Najua kuna watakaosema ningembana palepale, lakini mimi nimelelewa na mama mkali na najua mtoto akibanwa anatoa uongo wa pili mzuri kuliko wa kwanza. Nilichofanya nilimletea kitabu cha kidato cha tatu nikakiweka mezani bila kusema neno. Kesho yake akaja mwenyewe kaunta, akasimama kama anataka kuulizia choo, akasema anti hivi mtu akitengeneza stika ya sura yako unaweza kuifuta?

(Nimebadilisha vitu vidogovidogo asijulikane, na mji siutaji.)

Kwa wasioelewa, stika ni zile picha ndogo za WhatsApp ambazo siku hizi mtu anakata sura ya mtu yeyote kwenye picha yoyote kwa dakika moja, anaandika maneno juu yake, anatuma. Huyu binti alipigwa picha kwenye mahafali ya kaka zake wa kidato cha nne, yuko na sahani, mdomo umejaa ubwabwa, jicho moja limefunga nusu. Picha ambayo kila mmoja wetu anayo moja kwenye simu ya ndugu fulani. Mtu akaikata, akaandika NIONGEZENI NYAMA, akaitupa kwenye grupu la darasa. Ikaisha hapo? Thubutu. Ndani ya wiki zikawa stika tisa, nyingine wamemvika kofia ya mpishi, nyingine wamemweka mwili wa ng'ombe, na jina akapewa, Bi Ubwabwa, akipita korido wanagonga sahani za kufikirika kwa vijiko vya kufikirika. Akaacha kula mchana shuleni. Alafu akaacha kwenda shuleni.

Na niseme ukweli wangu, nilipoonyeshwa ile stika ya kwanza mdomo wangu ulitaka kucheka. Nikaubana. Mwenzangu wa kaunta hakuubana, alicheka kabisa, na yule binti alimwangalia kwa jicho ambalo mpaka leo mwenzangu analizungumzia. Ndo ubaya wa hizi stika, zinachekesha, hata anayemwonea huruma mtoto anaweza kuituma kwanza alafu ahurumie baadae.

Sasa makosa yangu. Nilimwambia nini? Nilimwambia maneno ambayo kila mtu mzima angesema: achana nao, futa, toka kwenye grupu. Akanisikiliza maana nimeitwa anti. Akafuta kila kitu, akatoka. Siku mbili baadae wakamwingiza kwenye grupu jipya ambalo jina lake ni Bi Ubwabwa Fans na picha ya grupu ni ileile, na saivi hatukuwa na ushahidi hata mmoja wa nani alianza, lini, na nani na nani walitengeneza zile nyingine. Mimi ambaye kazi yangu ni kutunza kumbukumbu, mimi ninayemgombeza mtu akikunja kona ya ukurasa, nimemwambia mtoto achome nyaraka.

Ila nikaja kujua kwamba hata kabla yangu alikuwa anafuta. Simu si yake, ni ya mama. Mama anauza vitenge, simu ndo daftari lake la oda, jioni anampa binti saa moja ya kusoma notsi kwenye grupu. Grupu lenyewe lilianzishwa likizo ya Juni ili watumiane notsi na mitihani ya nyuma, kwahiyo namba iliyomo humo ni ya mama. Usiku kucha wenzie wenye simu zao wanatupia stika, na yeye anaamka saa kumi na moja alfajiri kabla mama hajaamka, anafuta zote moja moja, anairudisha simu kwenye chaji mahali pale pale ilipokuwa. Kila siku. Nilivyomuuliza kwanini asimwambie mama akanijibu kwa mshangao kabisa, "Atachukua simu anti. Na notsi je?"

Hapo ndo niliposhika kichwa. Sisi wakubwa tukisikia mtoto anaonewa mtandaoni dawa yetu ya kwanza ni kumnyang'anya simu, yaani aliyepigwa ndo anaadhibiwa, alafu tunashangaa hawatuambii.

Basi tukaanza upya, na hapa nitaeleza kwa kirefu kidogo maana wakutubi wenzangu mnaosoma hapa huwa mnaniuliza inboksi sisi tunafanyaje, sisi si washauri nasaha. Kweli si washauri. Lakini kutafuta taarifa, kuzipanga na kuzitunza tunajua kuliko mtu yeyote kwenye huo mji, na mtoto anayeonewa mtandaoni kitu anachokosa zaidi ni hicho hicho.

Tulikaa kwenye kompyuta ya mwisho, ile ambayo nimeigeuza skrini iangalie ukuta (ukiwa na maktaba fanya hivyo leo, hamisha kompyuta moja tu, usiandike tangazo lolote juu yake, watoto wataigundua wenyewe). Jumamosi akaja na simu ya mama kwa ruhusa ya kuja kudownload mitihani. Tukapiga skrinshoti. Kuna ufundi wake, si kubonyeza tu. Jina linaloonekana kwenye grupu mtu anaweza kulibadilisha hata kesho akajiita King au Malaika, kwahiyo unagusa profaili yake mpaka namba ionekane, unapiga hiyo pia. Unahakikisha tarehe na saa vipo. Unapiga na orodha ya wanagrupu na nani ni admini. Kama picha imetumwa kwa ile njia ya kuonekana mara moja tu WhatsApp haitakuruhusu kupiga skrinshoti, hapo unachukua simu nyingine unapiga picha kioo cha simu ya kwanza, mimi nilitumia simu yangu. Na ile sehemu ya kuripoti na kubloku, kuna kitiki kinachofuta mazungumzo kwa pamoja, usiiguse kabla hujamaliza kukusanya, maana ukiripoti wao WhatsApp wanapata meseji tano za mwisho tu na wewe unabaki mikono mitupu.

Alafu tukaprinti. Kuprinti kwetu ni hela kwahiyo nililipa mwenyewe, kurasa kumi na mbili, nyeusi na nyeupe, stika zinaonekana vizuri tu. Binti akaziandikia tarehe nyuma kwa penseli. Tukazitia kwenye bahasha ya kaki na bahasha ikakaa kwenye droo yangu yenye ufunguo kwa sababu nyumbani kwao wanalala watatu chumba kimoja na hakuna pa kuficha hata barua. Siku ile nilimwona kwa mara ya kwanza amekaa vizuri kwenye kiti. Hajalia, hajacheka, amekaa tu kama mtu mwenye faili.

Kitu kimoja ambacho si mzaha. Haya yote ni kwa matusi, stika, vitisho. Kama ni picha ya utupu ya mtoto, usipige skrinshoti, usiihifadhi, usiprinti, usimtumie hata bosi wako kwa nia njema, maana kuisambaza ni kosa la jinai kwenye Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania na wewe mwenye huruma unaweza kujikuta upande mbaya. Andika kwa mkono namba, jina la akaunti, saa, anuani ya ukurasa, mkaende Dawati la Jinsia na Watoto pale polisi. Na kuna huduma moja ya Marekani inaitwa Take It Down, ya NCMEC, kituo cha huko cha watoto waliopotea na wanaonyanyaswa, ni kwa waliopigwa picha hizo wakiwa chini ya miaka 18, mtoto anaitumia bila kutaja jina wala kuipakia hiyo picha popote, simu yenyewe inatengeneza alama ya tarakimu alafu hiyo alama ndo inapelekwa kwa kampuni kama Facebook, Instagram na TikTok zikiiona picha ziing'oe. Ndani ya mazungumzo ya WhatsApp haifiki, hilo mwambie mtoto mapema asije akatumaini bure.

Na siri. Sisi tumefundishwa kwamba anachosoma msomaji ni chake, IFLA, shirikisho la maktaba la dunia, kwenye maadili yao ya mwaka 2012 wameliandika hilo la faragha na mimi nalishika. Lakini kwa mtoto kuna mpaka na mpaka unautaja mwanzo si mwisho. Nilimwambia hivi: unachoniambia kinabaki hapa, ila ukiniambia kuna mtu anataka kukuumiza au wewe mwenyewe unataka kujiumiza, hapo nitatafuta mtu mwingine na nitakuambia kwanza kabla sijamtafuta. Akanyamaza kama dakika nzima. Alafu akasema sio kujiumiza anti, ila huwa natamani nisiamke. Tukapiga 116 palepale, ile simu ya mtoto ya taifa, ni bure (Kenya pia ni 116), nikamwachia ofisi ya bosi aongee mwenyewe, mimi nikakaa nje ya mlango kama mlinzi wa benki. Waliongea muda mrefu. Sijui waliongea nini na sijauliza.

Mama aliitwa wiki iliyofuata, na binti mwenyewe ndo aliyechagua siku. Nilimwomba mama kitu kimoja kabla sijafungua bahasha, kwamba simu isichukuliwe. Akanijibu, "Simu ni yangu, nitaichukua vipi?" Tukacheka wote watatu. Alivyoziona zile karatasi hakucheka tena. Alichouliza ni kimoja tu, ulikuwa unaamka saa ngapi kuzifuta.

Shuleni sasa. Shule siitaji pia. Mwalimu wa nidhamu alikuwa mtu mstaarabu lakini jibu lake lilikuwa tayari mdomoni: simu haziruhusiwi shuleni, hayo mambo ya WhatsApp ni ya nyumbani, na ni utani wa watoto. Nilijua atasema hivyo kwahiyo nilikuwa nimetoa kopi. Kifungu cha 23 cha ile Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kinakataza kumtumia mtu ujumbe kwa nia ya kumtisha, kumsumbua au kumuumiza kihisia, adhabu faini isiyopungua milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote. Akakisoma mara mbili. Akaniuliza hii ipo kweli? Nikamwambia ipo rafuni kwetu mwalimu, karibu, wanachama wanaazima.

Ila sikukipeleka kile kifungu kuwatisha watoto, na naomba tusifanye hivyo. Waliotengeneza zile stika nao ni watoto wa miaka 15 na 16, na Sheria ya Mtoto ya 2009 yenyewe inasema mtoto hahukumiwi kifungo. Ukisimama mbele ya darasa ukasema mtafungwa miaka mitatu, wale wajanja watakwenda kuhakikisha, watakuta umewadanganya, na kuanzia hapo huna neno kwao. Kile kifungu nilikibeba kwa ajili ya masikio ya wakubwa tu. Na kilifanya kazi, mwalimu mlezi akaitwa, grupu lile la Fans likafungwa, wazazi wawili wakaitwa.

Kilichonishinda mimi ni admini. Kijana mmoja mpole, mwanachama wetu tangu darasa la sita, anapenda vitabu vya anga na mpira, nimemgongea muhuri mara sijui ngapi. Nilivyoona namba yake kwenye ile karatasi nilisikia kama amenifanyia mimi. Akaja Jumamosi kama kawaida na kitabu chake cha kurudisha. Unafanyaje? Huwezi kumkatalia huduma, naye ni msomaji. Nikapokea kitabu, nikagonga muhuri, alafu nikamuuliza unajua kwamba admini anaweza kufuta meseji ya karibuni ya mtu yeyote kwenye grupu ikapotea kwa wote? Hakujua. Kweli kabisa hakujua, alidhani admini kazi yake ni kuingiza na kutoa watu. Lile grupu kuu la darasa bado lilikuwepo na stika bado zilikuwa zinatupiwa humo. Akasema, "Kwani ni lazima mimi anti? Sio mimi niliyezitengeneza." Nikamwambia si lazima. Akakaa kwenye kompyuta ya ukutani, akatoa simu yake, nikamwona anashuka na kidole taratibuuu, anafuta. Alikaa pale zaidi ya saa. Hakuniaga. Kama ni toba au ni woga wa mwalimu wa nidhamu mimi sijui, na sidhani kama yeye anajua.

Baada ya hapo nikapata ari nikasema nifanye semina. Nikabandika tangazo mlangoni, JIKINGE NA UONEVU WA MTANDAONI, Jumamosi saa nne. Walikuja wawili, mmoja alikuwa anasubiri mvua ikatike. Nani ataingia mlango wenye maneno hayo mbele ya wenzie, si ni sawa na kujitangaza? Mwezi uliofuata nikabandika lingine, JINSI YA KUIFUNGA WHATSAPP YAKO ISICHEZEWE, viti havikutosha, wengine walikuja wakidhani nafundisha kuhaki. Nikafundisha yaleyale. Setingi ya nani anaweza kukuingiza kwenye grupu, unaweka wale uliowasevu tu na hata humo unaweza kuwatoa baadhi. Nani aone picha yako. Namba ya siri ya hatua ya pili. Kusevu ushahidi. Na wao wakanifundisha mimi mambo ambayo sitayaandika hapa maana wazazi wao wanasoma.

Kingine kidogo: vitabu. Kwa namba zetu za Dewey, zile tunazopangia vitabu rafuni kwa mada, kitabu cha uonevu kinakwenda 302.343, kwenye sayansi ya jamii, rafu ya watu wazima katikati ya vitabu vya mawasiliano vya wanafunzi wa chuo. Mtoto gani atafika pale? Tulikuwa na viwili tu, nimevitoa nikaviweka kwenye rafu ya baiolojia na hadithi karibu na meza ya nyuma, wakaguzi wakija nitajibu. Havijawahi kuazimwa hata mara moja lakini kimoja jalada limelegea na kina alama za vidole, kwahiyo vinasomwa palepale vinarudishwa. Hilo kwangu linatosha, na kwenye ripoti ya mwezi nimeandika sifuri.

Binti yupo kidato cha nne saivi. Anakuja Jumamosi, anakaa meza za mbele. Bahasha bado ipo kwenye droo, nilimuuliza kama anaitaka akasema ikae tu.

Wiki iliyopita usiku niko nyumbani, simu ikaita mlio wa grupu letu la vikoba. Dada mmoja, mtu mzima, mama wa watoto wanne, tulikuwa tunajadili chakula cha kikao cha mwisho wa mwezi, katupia stika. Sahani, mdomo umejaa, jicho moja nusu. NIONGEZENI NYAMA. Watu kumi na kitu wakaachia vicheko. Nilikaa nayo mkononi mpaka kioo kikazima. Alafu nikamfuata yule dada inboksi nikamwambia dada yangu samahani, naomba uifute ile, huyo ni mtoto wa mtu na namfahamu.

Akachukua muda kujibu, naona inaandika, inaacha, inaandika.

"Haa! Kumbe ni mtu kweli? Mie nilijua vikatuni tu vya mtandaoni. Nimetumiwa na wifi yangu yuko Mwanza."

Akaifuta. Nikamuomba na namba ya wifi.